Kompyuta ya nyumbani imekuwa nzito na inafungua vitu yenyewe, naomba msaada kabla sijairudisha kwa fundi

MamaPendo, Umoja

Habari zenu wadau. Niko na kompyuta ya ex-UK, yaani iliyotumika Uingereza, tulinunua mjini 2022, RAM ni 4GB na iko na Windows 10. Mwanzo ilikuwa inawaka vizuri tu, lakini sai naibonyeza asubuhi naenda jikoni kuweka chai, chai inachemka, nawapea watoto wanakunywa, narudi bado kile kiduara kinazunguka. Watoto wanaitumia kwa kazi za shule na mimi hufanyia hapo hesabu za biashara yangu ya nguo na kujaza ushuru kwa iTax.

Mwezi uliopita Word ilikataa kufunguka nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini, akaweka Windows upya na Office, akaniambia kila kitu kiko sawa. Tangu siku hiyo ndio shida imeanza. Kwa kona ya chini kulia kunatokea matangazo ati kompyuta yako iko na vairasi 5 bonyeza hapa, nikitafuta kitu kwa brauza inanipeleka ukurasa mwingine siujui, na flashi ya binti yangu aliyotoka nayo saiba (cyber cafe) akiprinti kazi ya shule, folda zote zimegeuka shotikati. Sasa jana usiku ndio nimeshtuka kabisa, nimepata ujumbe kwamba kuna mtu ameingia kwa Facebook ya biashara kutoka nchi sijawahi kukanyaga.

Paswadi zangu zote nimezihifadhi kwa Chrome, hata ya benki. Niweke antivairasi gani, na ni ngapi? Na kuna picha za marehemu mama yangu ziko kwa hiyo mashine peke yake, sina kopi mahali pengine. Naombeni mnisaidie tafadhali.

Kasuku254

Fomati hiyo kitu yaishe. Hakuna dawa ingine.

fundi_MoiAvenue

@Kasuku254 ndugu yangu, soma swali hadi mwisho, ameshasema picha za mama yake hazina kopi. Kufomati tutafika huko lakini si leo.

Mama Pendo pole sana. Kitu cha kwanza si antivairasi, cha kwanza ni pesa na akaunti zako. Chomoa waya wa intaneti au uzime waifai ya hiyo kompyuta sasa hivi, halafu chukua simu yako ubadilishe paswadi kupitia simu. Usibadilishe kupitia hiyo kompyuta hata kama inaonekana imetulia, kwa sababu hizi programu za kupeleleza zinasoma unachoandika, kwa hivyo ukiandika paswadi mpya hapo umemkabidhi mwizi ile mpya pia. Anza na emaili, si Facebook. Mtu akishika emaili yako anabonyeza tu "nimesahau paswadi" kwa akaunti zingine zote na anaingia moja baada ya nyingine. Baada ya emaili, benki, halafu Facebook, halafu iTax na eCitizen ile ya huduma za serikali. Na kila mahali tafuta pale pa kutoa vifaa vyote vilivyoingia, ubonyeze, kwa sababu hawa watu hawaibi paswadi peke yake, wanachukua na zile kuki (cookies), vifaili vya brauza ambavyo vinawafanya waonekane kama ni wewe tayari umeingia, hata ukibadilisha paswadi wanaweza kubaki ndani. Ukimaliza weka uthibitisho wa hatua mbili. Pia pigia benki simu uwaambie, usingoje kuona kama kuna kitu kitatoka.

Hiyo ikiisha rudi kwa kompyuta. Fungua Windows Security, ingia Virus & threat protection, halafu Manage settings, shuka hadi chini kabisa pameandikwa Exclusions. Niambie umekuta nini hapo kabla hujafanya kitu kingine. Niko na sababu ya kuuliza.

dada_wa_saiba

Mimi niko na saiba huku Kayole kwa hivyo hiyo ya flashi naiona karibu kila siku, hasa shule zikikaribia kufunga. Mama Pendo usiogope, faili za binti yako hazijapotea, zimefichwa tu. Hiyo vairasi inaficha folda zako za kweli halafu inaweka shotikati yenye jina lile lile, mtoto akibonyeza folda inafunguka kama kawaida lakini nyuma yake imeshaamsha kile kifaili chake na kimeingia kwa kompyuta. Kwa hivyo HAPANA kubonyeza hizo shotikati. Na flashi yoyote utakayochomeka kwa hiyo mashine sai nayo itaambukizwa, usijaribu kukopi picha za mama leo.

Kompyuta ikishasafishwa, chomeka flashi bila kufungua kitu, angalia ni herufi gani, tuseme ni E, fungua Command Prompt, lile dirisha jeusi la kuandika amri, uandike hivi vile ilivyo:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Ngoja kidogo, folda za kweli zitatokea. Kopi kazi ya mtoto peke yake, futa zile shotikati pamoja na faili yoyote huijui inayoishia na .vbs au .js, halafu fomati flashi. Kwangu mteja akileta flashi naiskani kwanza mbele yake, lakini najua si saiba zote zinafanya hivyo, na naumia sana nikiona mzazi analaumu mtoto kumbe ni sisi.

MamaPendo, Umoja

Mungu awabariki. Paswadi nimebadilisha zote kwa simu, nimemaliza saa sita usiku. Kwa emaili nimekuta vifaa viwili sivijui, nimevitoa. Benki wamesema hakuna kitu kimetoka.

@fundi_MoiAvenue kwa Exclusions nimekuta mstari mmoja tu, umeandikwa C:\ basi. Hiyo ni nini?

fundi_MoiAvenue

Ndio hiyo nilikuwa naogopa. Hiyo C:\ ni diski yako yote. Maana yake mtu ameambia Defender, antivairasi inayokuja na Windows yenyewe, isiangalie chochote ndani ya kompyuta yako. Umekaa na askari mlangoni lakini ameambiwa afumbe macho. Mafundi wengine wanafanya hivyo kwa sababu ile programu ya kuamsha Windows na Office bila leseni, Defender inaikataa, sasa badala ya kukuambia ukweli wanazima ulinzi wote halafu wanakurudishia mashine. Na hizo programu za kuamsha ndizo watu wabaya wanapenda kufichia zile za kuiba paswadi, hiyo si siri. Mimi hii kazi ndiyo inalisha watoto wangu na inaniuma vile mtu anaweza kumfanyia mama wa watu hivyo na alipe.

Fanya hivi. Toa hiyo C:\. Rudisha intaneti dakika chache Defender ichukue apdeti. Halafu kwa Scan options chagua Microsoft Defender offline scan, hifadhi kazi yako, ubonyeze. Kompyuta itajizima na kuwaka yenyewe na kuskani kabla Windows haijaamka, inachukua kama dakika 15, kwa mashine yako nzito inaweza kupita. Usiizime katikati. Ikimaliza, pitisha programu ya kuskani inaitwa Malwarebytes, ile ya bure, mara moja, uichukue kwa tovuti yao wenyewe, si kwa matangazo yanayotokea juu ukitafuta. Antivairasi inayolinda saa zote iwe MOJA, Defender inatosha, ukiweka tatu zinapigania diski na mashine inakuwa nzito zaidi.

Yale matangazo ya kona mara nyingi hata si vairasi, ni mtoto alikuwa kwa tovuti ya michezo ikamuuliza Allow akabonyeza. Kwa Chrome ingia Settings, Privacy and security, Site settings, Notifications, toa kila tovuti huijui. Angalia ekstensheni pia, zile programu ndogo za kuongezea brauza, ile hukuweka wewe itoe.

Halafu fungua Command Prompt uandike slmgr /xpr, hiyo inaonyesha kama leseni ya Windows ina mwisho, uniambie imesema nini.

Mzee_wa_Rongai

Niongeze tu kuhusu uzito, si wote ni ujasusi. Mashine nyingi za ex-UK ziko na hard disk ya kuzunguka. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc uangalie Disk, kama iko 100% na hujafungua kitu, baada ya kusafisha badilisha uweke SSD, diski isiyozunguka yenye kasi, na uongeze RAM ifike 8GB. Yangu ilikuwa inachukua dakika sita kuwaka, sai sijafika kukaa kwa kiti imewaka. Pia Windows 10 Microsoft waliacha kuipa apdeti za kawaida 14 Oktoba 2025, kuna nyongeza ya apdeti za usalama hadi Oktoba 2026 lakini lazima ujiandikishe kwa Settings, mahali pa Windows Update. Jiandikishe mama.

MamaPendo, Umoja

Nimerudi baada ya siku nne. Skani ilipata vitu 11, viwili vimeandikwa ni vya kuiba paswadi. Matangazo yameisha siku hiyo hiyo, tovuti zilizokuwa kwa Notifications zilikuwa zaidi ya ishirini. Picha za mama nimezikopi kwa hard disk ya nje na zingine nimetumia dada yangu Machakos, nililia nikiziona zote ziko. slmgr imesema itaisha tarehe fulani mwaka huu.

fundi_MoiAvenue

Ikiwa na tarehe ya kuisha basi ni ile leseni ya kudanganya, zinakaa siku 180 halafu zinajirudia. Sasa ndio wakati wa kufomati, @Kasuku254 hapo tunakubaliana, kwa sababu mashine iliyoibiwa paswadi siwezi kukuapia ni safi kwa skani peke yake. Chukua flashi ya 8GB, kwa kompyuta nyingine safi pakua Media Creation Tool ya Microsoft wenyewe, ile inayotayarisha flashi ya kuweka Windows upya. Na ukiulizwa leseni bonyeza huna. Hizi za ex-UK nyingi zilitoka maofisini na leseni yake iko ndani ya mashine tayari.

MamaPendo, Umoja

Imekubali!! Nimeweka na SSD siku hiyo hiyo. Nilipounganisha intaneti, kwa Activation ikaandika digital license, hakuna mtu amelipwa wala programu yoyote. Yaani leseni ilikuwa hapo tangu 2022 na nilitozwa pesa kuwekewa ya wizi juu yake. Badala ya Office nimeweka LibreOffice ya bure, hesabu zangu za nguo zimefunguka zote. Watoto nimewafungulia akaunti yao, si ya administrator, na kazi ya shule sai tunaituma saiba kwa emaili. @dada_wa_saiba nikishuka Kayole nitapitia kwako nikusalimie.