Tupeane uzoefu: bustani za nyuma ya nyumba winta ikiisha, nani alishawahi kudanganywa na jua la mwezi wa tatu?

Mchicha614: Habari zenu wadau. Leo asubuhi nimetoka kutupa taka nikakuta vitunguu saumu nilivyopanda mwezi wa kumi vimetoboa yale majani makavu niliyovifunikia, vimesimama urefu wa kidole na theluji bado ipo pembeni ya fensi. Jamani nimefurahi mpaka nimemwita mume wangu aje aone. Tuko Columbus, Ohio, huu mwaka wa pili tu tangu tupate nyumba yenye uwanja. Mwaka jana nilikurupuka nikamwaga mchicha mwanzoni mwa mwezi wa nne, haukuota hata mmoja. Sasa mikono inaniwasha tena. Wenye uzoefu njooni, mwezi huu mnaanzaje na yapi yamewakuta?

Mama Wawili: Mdogo wangu, mchicha unataka udongo wenye joto, mbegu zako zilioza na baridi. Usiuguse mpaka mwezi wa tano mwishoni, bamia hivyo hivyo. Saa hizi anza na spinachi, njegere na sukuma wiki, hizo hazijali baridi, tena sukuma ikipigwa na barafu kidogo inakuwa tamu zaidi.

Kipara wa Birmingham: Naunga mkono kuhusu sukuma. Mimi niko Uingereza, nina kialotimenti, yaani kishamba kidogo cha kukodi, na ninachowaomba wote ni msikanyage udongo ukiwa bado umelowa. Chukua konzi moja, bonyeza. Likibaki bonge linalong'aa kama udongo wa mfinyanzi, rudi ndani. Likivunjika vunjika, chukua jembe. Mwaka wangu wa kwanza nililima mwezi wa pili kwa hamu, udongo ukaja kukauka kama tofali, karoti zikatoka zimepinda zote.

Shangazi Mnafu: Nyie mmenikumbusha Machi 2012 na nikiikumbuka naumia mpaka leo. Tulikuwa Michigan, Grand Rapids. Wale waliokuwepo wanajua, katikati ya mwezi wa tatu joto lilipanda nyuzi 80 za huku, yaani kama 27 za nyumbani, siku nyingi mfululizo, watu wanatembea na kaptula, mitufaa ikaanza kuchipua kabla ya wakati wake. Mimi nilikuwa nimeotesha ndani tangu mwezi wa kwanza, vikopo vya mtindi vimejaa madirisha yote, nyanya miche kama arobaini na mnafu, ile mboga ya majani ya kwetu. Na ule mnafu mjue ulikuwa ni mbegu za mama yangu, alinifungia kwenye kona ya kanga nilipotoka Moshi likizo, na mama alifariki mwaka uliofuata, nami nikazipanda zote zilizokuwa zimebaki, sikubakiza hata punje. Wiki ile ya joto nikahamishia nje kila kitu, jirani mzee mmoja akaniita kwenye fensi akaniambia mama subiri, huu sio mwezi wake. Sikumsikia. Baridi ikarudi. Usiku wa kwanza nikafunika na mashuka, wa pili mashuka na mapazia, natoka saa tano usiku na tochi nabana pembeni kwa mawe, ikapona. Aprili imeingia, usiku mmoja nimetoka kazini shifti ya pili nimechoka, nikasema leo anga lina mawingu, haitashuka. Nikalala. Mawingu yakaondoka. Asubuhi nimetoka nimekuta majani meusi, yamelegea kama mchicha uliochemshwa, ukishika yanatoa maji. Nilikaa pale chini kwenye ngazi na koti la kazini nikalia kama nafiwa mara ya pili. Mwaka ule wenye mashamba pia waliumia, tufaha za Michigan zilipotea karibu asilimia 90 kwa sababu maua yalitoka mapema yakakutwa na baridi.

Mchicha614: Dada pole sana. Nimesoma hii mara mbili.

Kaka Balkoni: Ndio maana funika na plastiki, mashuka hayazuii kitu.

Mama Wawili: Hapana kaka usipotoshe watu. Plastiki ikigusa jani, jani linaungua na baridi palepale. Shuka ndio yenyewe, iguse mpaka chini ardhi ili joto la udongo libaki ndani, na uitoe jua likichomoza.

Kaka Balkoni: Mimi natumia plastiki miaka minne na miche yangu mizima.

Mama Wawili: Kwa sababu uko ghorofani ukutani, kaka yangu. Ukuta unakupa joto.

Wa Makete: Mkidhani barafu ni ya huko tu, njooni kwetu Makete, Tanzania, Juni na Julai. Viazi vinaungua usiku mmoja shamba zima. Mzee alikuwa anatuamsha alfajiri kumwagilia kitalu kabla jua halijapiga.

Nyakati254: Mnafu si ndio managu? Hapa Ujerumani nikiwaambia nakula wananiangalia vibaya, kwao ni gugu na ni sumu.

Mdau Kimya: Ni sumu kweli, acheni kulisha watoto.

Nyakati254: Matunda mabichi ndio mabaya. Majani tunachemsha, tunamwaga maji, tunaweka maziwa. Nyanyangu alikula hadi akafika miaka tisini, usituambie. Na huku hata wazee wao hawapandi nje mpaka ipite Mei 15, wanasema kuna watakatifu wa barafu, siku za 11 mpaka 15. Nawafuata hao.

Kipara wa Birmingham: Na wanaootesha ndani wapunguzieni maji. Miche ikianguka shingo imekuwa nyembamba kama uzi, hicho ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaopenda unyevu. Mimi naweka feni ndogo.

Mchicha614: Shangazi, samahani kuuliza, mbegu za mama ndio ziliishia hapo?

Shangazi Mnafu: Hapana mwanangu. Kiangazi cha kabla yake nilipanda kidogo kwenye kona ya banda, matunda yakadondoka sikuyajali. Mwezi wa sita mwaka huo huo wa 2012 napalilia pale nikaona kamche kana majani mawili, nikadhani gugu, nikainama. Mnafu. Nikahesabu, miche kumi na moja. Udongo ulizitunza, zikatoka zenyewe zilipoona joto linatosha. Nilizungushia waya wa kuku siku hiyo hiyo kwa sababu ya sungura. Sasa hivi nina chupa mbili za mbegu kwenye friji na moja iko kwa mdogo wangu.

Mama Wawili: Mungu mkubwa.

Nyakati254: Mnafu wa Moshi una majani mapana ama ule mdogo?

Shangazi Mnafu: Mapana, jani moja linafunika kiganja. Mchicha614, wewe kaa na vitunguu saumu vyako kwanza, virudishie yale majani makavu usiku. Wiki ijayo huku wametabiri theluji.