Tupeane uzoefu: nini kilikuondolea hofu ya siku ya hukumu?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Hukumu tunahubiriwa, msamaha tunahubiriwa, ila ile safari ya mtu kutoka kwenye hofu mpaka apate amani huwa hatusimuliani. Waebrania 9:27 inasema watu wamewekewa kufa mara moja na baada ya kufa hukumu, na mstari huo mi ulininyima usingizi tangu utotoni, kila mkutano wa injili naokoka upya, sala ya toba naifuatisha na machozi juu, kesho yake naamka na wasiwasi uleule naanza kujikagua jana nimekosea wapi.

Kilichonivusha ni mama mmoja mzee wa maombi. Aliniuliza, "Mwanangu, Yesu anakufa msalabani, wewe ulikuwa umeshatenda dhambi ngapi?" Nikamwambia hata moja, nilikuwa sijazaliwa. Akasema, "Sasa unadhani alilipia zipi akaacha zipi?" Nilikuwa naijua Warumi 8:1 kwa kichwa, kwamba hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu, ila siku ile ndo iliniingia. Na sio ruhusa ya kutenda dhambi, Paulo hilo kalijibu mapema kwenye sura ya 6. Karibuni na zenu.

Mchangiaji:
Mi Mkatoliki. Kuna dhambi moja niliificha miaka, naenda kitubio, yaani kuungama kwa padri, nataja zile ndogondogo, hiyo kubwa nairuka, halafu napokea komunyo moyo unanidunda. Siku niliyoamua kuisema niliisema kwa sauti ya chini padri akasema hajasikia nirudie, jamani! Nikarudia. Hakuguna, hakunichimba maswali, akanipa malipizi akaniondolea dhambi kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu basi. Wanaoogopa kwamba padri atasema nje waelewe siri ya kitubio haivunjwi kwa sababu yoyote, padri akiivunja makusudi anatengwa na Kanisa.

Mchangiaji:
Yangu ni tofauti kidogo. Nilimdhulumu ndugu yangu kwenye urithi, nikaokoka, nikafunga, nikakesha, amani hakuna. Watu wananiambia mkabidhi Yesu, nimekabidhi sana tu. Nikaja kusoma Luka 19, Zakayo anasimama mbele ya Bwana anasema aliyemdhulumu atamrudishia mara nne, na Mathayo 5 inakwambia acha sadaka yako mbele ya madhabahu ukapatane kwanza na ndugu yako. Nikaenda, nikarudisha kilichokuwa chake na nikamwomba msamaha mbele ya watoto wake. Mungu amenisamehe najua. Ndugu yangu bado, ananisalimia kwa mbali na simlaumu, kuumia aliumia yeye.

Mchangiaji:
Nyie mmeshavuka, mi bado. Ukiwa mdogo na hasira unamtamkia Mungu maneno mabaya, halafu unakutana na Mathayo 12, kumkufuru Roho Mtakatifu hakusamehewi. Nimetubu sijui mara ngapi ila nahisi mlango umeshafungwa.

Mleta uzi:
Pole sana mpendwa, na asante kwa kulisema. Isome hiyo sura kuanzia mstari wa 22. Yesu anamponya mtu mwenye pepo, Mafarisayo wanasema anatumia Beelzebuli mkuu wa pepo, na hakuna hata mmoja anayelia kutaka msamaha. Wewe unautafuta. Moyo uliofungwa kabisa hautafuti, hivyo ndivyo wachungaji wengi wanavyofundisha na mi naamini hivyo. Hata Martin Luther, yule aliyeanzisha Ulutheri, alipoingia utawa 1505 aliteswa na hofu kama hii, anaungama kwa masaa, akitoka anakumbuka nyingine, amani akaja kuipata kwa kuelewa kwamba haki mbele za Mungu inapokelewa kwa imani. Halafu shika Yohana 6:37, yeyote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe, neno ni yeyote, hakuweka orodha ya watakaokataliwa. Usikae na hilo peke yako, hasa kama usiku hulali au unawaza kujidhuru, mwambie mtu wako wa karibu leo hii na umwone na daktari, kuomba na kutibiwa havigombani. Mchungaji au katekista unayemwamini mwambie kama ulivyotuandikia hapa, usipunguze kitu.