Land Cruiser pikapu na tela la mizigo: breki za upepo, za umeme, au niache zilivyo?

MkulimaNjombe
Wakuu, heshima kwenu. Nina Land Cruiser pikapu, injini 1HZ, gia za mkono. Navuta tela la ekseli mbili nililotengenezewa mtaani, halina breki kabisa. Msimu wa parachichi napakia Njombe nashusha Dar. Tela likijaa linakaribia tani mbili na nusu, na kwenye bodi ya pikapu kuna kama tani moja nyingine.

Njia nzima sina shida, kasoro mteremko mrefu wa Kitonga. Katikati ya mteremko harufu ya breki inaanza kuingia ndani, na nikikaribia chini pedali inazama, mpaka nipampu ndipo ishike. Fundi wangu anasema ning'oe mfumo wote nifunge breki za upepo kama za Fuso. Kompresa, mitungi na chemba anasema zipo tele kwa wauza spea za malori yaliyokatwa. Kabla sijatoa hela nataka kusikia wanaojua: upepo mtupu, upepo unaosukuma mafuta, breki za umeme kwenye tela, au kuna njia nyingine?

KondaMstaafu
Uza hiyo, nunua Canter. Mada ifungwe.

Spana17
Canter atanunua akitaka, ila ajue Canter nyingi zilizoko barabarani hazina breki za upepo. Ni mafuta na busta ya vakyumu, ile inayoongezea mguu nguvu ukikanyaga, sawasawa na pikapu yake. Kinachozibeba Kitonga ni breki ya egzosti (inaziba moshi ili injini ishikilie gari) zinazotoka nayo kiwandani, na breki zenyewe kuwa kubwa.

Mkuu MkulimaNjombe, umesema pedali inazama. Tuanzie hapo, kompresa ikae pembeni kwanza. Pedali ikizama huku breki zinanuka, mafuta ya breki yamechemka. Ndani ya paipu kuna mvuke, na mvuke unabonyea, mafuta hayabonyei. Ingekuwa pedali ni ngumu lakini gari halisimami, ningekwambia pedi zimeungua au busta haipati vakyumu. Hayo ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake ni mbalimbali.

Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205. Lakini mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya yanachemka kwenye 140 hivi. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya, 155 ikishachoka. Yako ulibadilisha lini? Nasema kumwaga yote na kutoa hewa magurudumu yote, si kujazia kikopo kila yakipungua.

Halafu hesabu. Gari, mzigo na tela ni karibu tani sita. Chukua mteremko wa asilimia 6, unashuka kwa kilomita 30 kwa saa, injini haisaidii. Breki zinameza kama kilowati 29 za joto mfululizo. Hizo ni birika za umeme kama kumi na tano zimewashwa kwa pamoja, na zote zimewekwa kwenye magurudumu manne ya pikapu kwa sababu tela halina lolote. Upepo hauzimi hata birika moja hapo. Kazi ya upepo ni kusukuma tu. Mguu wako una nguvu za kutosha, tatizo ni joto.

MwanaTanzam
Naunga mkono hapo juu, na mimi upepo ndio maisha yangu, navuta semi Dar hadi Tunduma.

Fundi wako akisema "kompresa na mitungi" amekutajia robo ya kazi. Breki za upepo mtupu zinataka ekseli zake: kuna kemu yenye umbo la S inayotanua lainingi, kuna slaki ya kuizungusha, kuna chemba yenye fimbo ya kusukuma slaki. Vitu hivyo havikai kwenye ekseli ya Land Cruiser. Itabidi ufunge ekseli za lori, kisha rimu za lori, kisha springi za lori. Ukimaliza utakuwa umejenga lori lenye kichwa cha pikapu, na ujieleze kwa mkaguzi wa magari na kwa bima.

Kompresa nayo iendeshwe na injini. Usidanganywe na zile za umeme za kujazia matairi, hazikujengwa kufanya kazi kutwa nzima. Kwenye lori, gavana, yaani valvu inayoidhibiti kompresa, inakata upepo ukifika psi (kipimo cha presha) 125 hivi na kurudisha ukishuka karibu na 100. Ukishuka hadi kama 60 taa na kengele vinakuamsha, na ukizidi kushuka, kati ya 45 na 20, springi za ndani ya chemba za breki zinajifunga zenyewe na gari linaganda palepale. Ndiyo uzuri wake mkubwa: upepo ukiisha gari linasimama, halikimbii. Ila kuna mambo hamyaoni mkiwa pembeni. Kila siku ufungue koki utoe maji kwenye mitungi. Slaki ikilegea, fimbo inatembea mbali, breki inakosa nguvu, na geji bado inasoma upepo umejaa! Pia ukikanyaga, upepo unachelewa kidogo kufika nyuma. Ni karibu nusu sekunde, lakini kwa mwendo wa kilomita 88 kwa saa umeshakula mita kumi hivi kabla breki haijashika.

GeitaDrilling
Mimi natofautiana kidogo na wakuu. Upepo mtupu kwenye pikapu ni kweli haufai, ila upepo unaosukuma mafuta si upuuzi. Kazini tuna Land Cruiser iliyofungwa hivyo, inavuta kompresa ya kuchimbia visima.

Breki zako zote za mafuta zinabaki zilivyo. Unabadilisha kile kinachosukuma masta silinda tu, ile pampu inayopeleka mafuta kwenye breki. Busta ya vakyumu inategemea uzito wa hewa ya nje, na hewa hiyo hata pwani haizidi psi 14 na pointi. Ukipanda juu kama Njombe inapungua zaidi, ndiyo maana pedali ya kule ni nzito kuliko ya Dar. Upepo wa mtungini ni psi 100 na zaidi, kwa hiyo chemba ndogo tu inasukuma kuliko busta pana. Fuso na Isuzu nyingi za saizi ya kati zimejengwa hivyo kutoka kiwandani, hata yale malori ya jeshi la Marekani, M35, yalikuwa hivyo hivyo.

Lakini niseme ukweli wote: faida tuliyoipata haikutoka kwenye pikapu. Ilitoka kwenye tela. Tukishakuwa na upepo, tela la kazini lina breki zake za upepo, mpira mwekundu wa kuleta upepo na wa njano wa kuamrisha. Mpira mwekundu ukikatika, tela linajifunga lenyewe. Kwa tela kubwa hiyo ni roho ya mtu. Kwa tela la tani mbili na nusu la parachichi, gharama ya kompresa, kiti chake cha kuchomelea, belti, mitungi, gavana, valvu na mipira sioni kama itarudi.

BintiGereji
Samahani naingilia, kuna kitu hakuna aliyekiuliza. Mkuu, springi za nyuma uliongeza?

Nauliza kwa sababu hii. Lala chini ya gari utazame ekseli ya nyuma. Kuna kifimbo chembamba kimeshikwa kwenye ekseli, kinapanda hadi kwenye valvu iliyofungwa kwenye chesisi. Valvu hiyo inapima mzigo kwa kuangalia nyuma imelala kiasi gani. Gari likiwa tupu nyuma iko juu, valvu inabana presha ya breki za nyuma ili matairi yasijifunge. Ukipakia nyuma inashuka, kifimbo kinasogea, valvu inaachia presha zaidi.

Sasa wabebaji wetu wanaongeza majani ya springi. Gari lina tani nzima mgongoni lakini nyuma imesimama wima, na valvu inaamini gari ni tupu. Breki za nyuma zinapewa chakula cha mtoto, kazi yote inaangukia za mbele. Mwenye gari anakuja gereji anataka diski kubwa, anataka upepo, anataka kila kitu. Mara nyingi natoka na spana tu kwenda kurekebisha hicho kifimbo.

Jipime mwenyewe bila fundi. Chagua mteremko mfupi, shuka umepakia, simama mahali salama, dondosha tone la maji kwenye diski au drami za mbele, kisha za nyuma. Likiwa mbele linachemka na kuruka, na nyuma linakaa linatiririka tu, umepata jibu. Uangalie pia kama kifimbo hakijapinda na valvu haijashika kutu, maana kwenye barabara za vumbi na tope inaganda.

Na tafadhali, kuna mafundi wanaoiondoa kabisa na kuunganisha paipu moja kwa moja. Siku ukirudi mtupu na mvua inanyesha, nyuma itakutangulia.

Mkenya_wa_Nakuru
Huyu dada ameongea. Mimi niongeze la dereva. Hapa kwetu Salgaa, kwenye barabara kuu karibu na Nakuru, tumezika watu wengi, na sababu mojawapo ni madereva kutupa gia frii wakiteremka ndio waokoe mafuta. Halafu breki zinabaki peke yake, zinashika moto, basi. Shuka na ile gia ungepandia nayo. Kanyaga breki kwa nguvu kidogo mpaka mwendo upungue, achia, wacha ipoe, kanyaga tena. Usiweke mguu juu yake kutoka juu hadi chini.

Kama gari yako ina zile loki za mkono kwenye magurudumu ya mbele, ziweke frii, kisha weka gia ndogo ya foo-wili. Mbele haivuti, kwa hivyo haigombani na lami, lakini injini inashikilia gari sawasawa. Weka gia ya tatu au ya nne uone. Wenye haraka watapiga honi, waache wapite.

Spana17
Hiyo ya loki nimeipenda. 1HZ ina mbano wa zaidi ya 22 kwa 1, lakini dizeli haina kizibo cha hewa kama petroli, kwa hiyo ukiachia mafuta haishikilii sana mpaka uizungushe kwa kasi. Gia ndogo inafanya hivyo. Breki ya egzosti nayo inafungika, ni kizibo kinachoziba moshi usitoke. Ila muulize anayekufungia kama inaachia presha kabla haijazidi uwezo wa springi za valvu za injini. Ya lori kubwa usiichomelee hivihivi.

Sasa tela, maana huko ndiko hela yako inakotakiwa kwenda. Kwa uzito wako ziko njia mbili.

Breki za kusukumwa: kichwa cha tela kina kitu kinachoteleza, pikapu ikipunguza mwendo tela linaisukuma, msukumo huo ndio unabana breki za tela. Hakuna waya wala kompresa. Ulaya zinaruhusiwa kwa tela lisilozidi kilo 3,500, kwa hiyo uko ndani. Ubaya wake ni mteremko mrefu: tela linasukuma muda wote, kwa hiyo breki zake zinabana muda wote. Hata ukiwa kwenye gia ndogo na pikapu ndiyo inashikilia, joto la breki za tela litapanda pia. Na ukirudi nyuma kupanda kilima, zinajifunga kama kichwa hakina kitu cha kuziachia.

Breki za umeme: ndani ya drami kuna sumaku, kwenye dashibodi kuna kidhibiti unachopanga tela libane kiasi gani. Utamu wake ni kile kilimi cha mkono. Tela likianza kuyumba unalibana lenyewe, pikapu huigusi, linanyooka. Kila sumaku inakula kama ampea 3, magurudumu manne ni 12 hivi, kwa hiyo waya uwe mnene na ethi iwe safi. Vinaagizwa nje, na tope likiingia kwenye plagi tela linabaki bila breki huku taa za nyuma zinawaka vizuri tu. Lazima ufunge na betri ndogo ya kulibana likichomoka.

Kwa Kitonga ningechagua umeme. Kwa mashamba ya Njombe, ambako hakuna wa kukuuzia sumaku ikifa, ningechagua za kusukumwa.

KondaMstaafu
Bado nasema Canter 😀

MkulimaNjombe
Asanteni sana wote. BintiGereji, umeniua. Springi niliongeza, majani mawili kila upande, na jana nimelala chini nimekuta kifimbo kipo ila kimepinda. Mafuta ya breki sikumbuki yalibadilishwa lini. Fundi wa upepo nimemwambia asubiri kwanza.

Nimeelekea kwenye breki za kusukumwa. Swali la mwisho: tela langu lina ekseli za bomba tupu, hazina drami. Nabadilisha ekseli zote mbili?

BintiGereji
Zote mbili, ukifunga moja hiyo itachemka peke yake. Wengi wanatumia ekseli za nyuma za Hilux, zinakuja na drami, lainingi na wili silinda zake, na spea zake utazipata hata Makambako. Difu inatolewa matumbo, inafungwa bamba ili mafuta ya beringi yasimwagike. Kichwani unaweka masta silinda ndogo inayosukumwa na kile kichwa kinachoteleza. Hakikisha mtu anayechomelea viti vya springi anaziweka ekseli sambamba, na kabla ya kupakia ulivute tupu, ubane breki kwenye vumbi, uangalie kama matairi yote manne yameacha alama sawa. Ukija kurekebisha kifimbo cha pikapu, njoo umepakia mzigo wako wa kawaida, si mtupu.