Tuliomaliza Mkwawa 2015: mnafufuaje grupu la chuo lililobaki la tanzia na michango tu?

Ticha wa Uyole

Wakuu habari za jioni. Kamwene kwa wa Iringa, ndaga kwa ndugu zangu wa Rungwe.

Naomba mawazo hasa kwa nyie mliomaliza chuo kitambo kidogo. Sisi tulimaliza ualimu pale chuo cha Mkwawa, Iringa, 2015, na siku ya kuagana tukafungua grupu la wasap tukaapa kwamba hatupotezani. Grupu lipo mpaka leo ila ukilifungua ni tanzia, mchango, pole pole pole za kukopi na kupesti, alafu kimya mpaka afe mtu mwingine au mtu aoe. Kuna siku nilijaribu kuandika tu jamani mambo vipi mko wapi siku hizi, wakajibu wachache, wote wenye ajira, mmoja akatupia na picha ya gari lake. Wengine wakasoma wakapita.

Sasa kilichonisukuma kuandika hapa, nilikua sokoni Mwanjelwa, Mbeya, natafuta koti la mtoto maana baridi ya huku mnaijua, napita kwenye mitumba naona jamaa ananiangalia alafu ghafla kainama kwenye belo kama kadondosha kitu. Nikamjua kwa kisogo tu, huyu tulikua nae hosteli tunachemsha maharage kwa koili ya umeme tunaificha chini ya godoro mlezi akipita. Nikamwita jina lake la chuo, akainuka anacheka. Tukasalimiana pale, nikamwambia namtafutia wa darasa la pili, basi akachukua koti akaweka mkono wake juu ya mkono wa koti, akaniambia ticha huyu usimnunulie linalomtosha, chukua hili vidole visionekane kabisa, mwakani atavaa tena. Nikatoa elfu kumi akanirudishia elfu mbili kwa nguvu. Ila wakati naondoka akanishika bega akasema, kaka nakuomba usiandike kule kwenye grupu kwamba umenikuta huku.

Hiyo kauli imenikaa kichwani. Yeye yumo grupuni miaka yote, kimya, na anachangia misiba sijawahi kuona amekosa.

Kwahiyo swali langu, mnafanyaje watu kama hawa warudi wajisikie wako nyumbani? Tukutane ana kwa ana? Wapi, mwezi gani, na mnazuiaje isigeuke maonyesho ya nani kafika wapi?

Mzee wa Roli

Makambako. Wa Iringa anapanda, wa Mbeya anakuja, wa Njombe na Songea anashuka. Mengine mtajua wenyewe.

Binti Ipogolo

Kaka Ticha pole na hongera kwa kuliona. Mimi si wa mwaka wenu, nilisoma chuo kingine hapahapa Iringa, ila grupu letu nilijitoa na sijutii, ngoja nikuambie kwanini labda itakusaidia.

Swali lako ulilouliza grupuni ndo lenyewe linalofukuza watu. "Mko wapi siku hizi" kwa mwenye ajira ni salamu, kwa asiyenayo ni usaili. Akuambie nini? Nipo tu? Na sie wanawake tukishavuka hapo kuna la pili, umeolewa, kuna la tatu, watoto wangapi. Mimi nilikua najitolea shule moja hapa mjini, nalipwa nauli na chakula cha mchana, alafu kila jumapili mtu anarusha picha yupo Ruaha anaangalia tembo. Sina wivu nae jamani ila unachoka.

Jaribu kuuliza vitu ambavyo wote mko sawa. Nani anakumbuka tulivyopanga kwenda Kalenga kuliona fuvu la chifu Mkwawa tukaishia Kihesa kula chipsi? Nani alipanda jiwe la Gangilonga usiku? Bumu (ile hela ya mkopo ya kujikimu) likitoka nani alikua wa kwanza kununua sabufa na mwezi haujaisha anaomba unga? Hapo muuza mitumba na mkuu wa shule wana haki sawa ya kuongea. Watu wakishacheka wenyewe watasema wanakoishi, hutauliza.

Mhazini wa Kudumu

Mimi naona mnaionea michango. Nimekua mhazini wa grupu la chuo miaka mingi, hakuna anayenishukuru ila sawa. Mwenzetu alifiwa na mama yake Ileje, kipindi cha mvua, barabara unaijua mwenyewe, tulikodi Noah tukafika usiku tope mpaka magotini, yule dada alipotuona alikaa chini. Mnadhani angekumbuka stori za chipsi? Kwa sisi watu wa huku usipofika msibani hata tukicheka mwaka mzima urafiki hamna. Kwahiyo grupu la tanzia ni grupu zima kabisa, halijafa. Lililokufa ni lile la kutumiana video za vichekesho na asubuhi njema zenye maua.

Kukutana kutawagharimu, na ukumbi, na chakula, na yule ambaye hana ndo hatakuja kabisa. Fikirini hilo.

Binti Ipogolo

Kaka Mhazini sijasema msiende misibani. Nasema ile orodha. Kila jioni mnabandika majina na mbele yake 20,000, 50,000, mwingine 3,000, alafu chini "wengine tunawasubiri". Aliyetoa elfu tatu mnadhani analala vizuri?

Mhazini wa Kudumu

Orodha ni uwazi dada angu. Nisipobandika mtasema nimekula.

Binti Ipogolo

Bandika majina na jumla. Nani katoa ngapi baki nayo wewe na mfiwa. Aliyetuma atahakiki jina lake lipo, basi.

Mhazini wa Kudumu

Hilo naweza kulifikiria. Sijakubali ila naweza kulifikiria.

Parachichi Tu

Wakuu mimi nimesoma hii nikasema leo niandike maana huyo wa Mwanjelwa ningeweza kuwa mimi. 2015 pia, Jiografia na Kiswahili, chuo sitaji. Mnakumbuka sie wa sanaa ilivyokua, ajira zikasimama, baadae wenzetu wa sayansi na hesabu wakaanza kuitwa, sie tukaambiwa tusubiri, nimesubiri mpaka nikaacha kufungua simu kuangalia majina. Na siku hizi ni mpaka usaili, unakaa kwenye mtihani na mtoto uliyemfundisha wakati unajitolea.

Nilirudi Tukuyu kwa wazee nikawa naona aibu hata kwenda kanisani. Aliyenitoa ni kijana mmoja form four alikua anabebesha miche ya parachichi, akanifundisha bila kuniuliza digrii yangu iko wapi. Unasia kokwa ya parachichi la kienyeji, mche ukifikia unene wa penseli hivi unaukata na kuupasua katikati, unachukua kikonyo cha Hass (parachichi la kisasa) unakichonga kabari, unakichomeka kwenye mpasuko alafu unafunga na nailoni ibane kabisa, maji yasiingie. Siri yote ni kambiamu kukutana na kambiamu, ile ngozi ya kijani chini ya ganda, hata upande mmoja tu zikikutana inatosha. Kambiamu chuoni nilikua nawaachia watu wa baiolojia, nikaja kuisoma kwa mtoto wa form four akinipiga vidole nikishika kisu vibaya hahaha. Miche ya kwanza ilinifia karibu yote. Leo nina kitalu, naletewa wateja mpaka wa Njombe, na ukipanda mche uliobebeshwa mwaka wa tatu unaanza kuona matunda, sio kama hii ya kokwa unasubiri mpaka unazeeka.

Sasa nisikilizeni. Wenzangu waliponiona nina kitalu ndo wakaanza kunitag grupuni, "mjasiriamali wetu", "tupe siri ya mafanikio". Watu walewale. Nilipokua nalala kwa mama hakuna aliyenipigia, isipokua mmoja, alikua anafundisha Ludewa, kila mwisho wa mwezi ananipigia tunaongea mpira na siasa, hajawahi hata siku moja kuniuliza ajira vipi. Yule ndo aliyenishika. Kwahiyo Ticha, kabla ya mkutano chukua simu umpigie huyo jamaa wa mitumba, msiongelee grupu, ongeleeni maharage yenu. Alafu mpigie na mwingine. Grupu la watu wengi halimrudishi mtu, mtu anarudishwa na mtu mmoja.

Baridi ya Makete

Parachichi umeandika vizuri mpaka nimesimamisha kusahihisha madaftari.

Mimi niko kazini serikalini toka 2017, hesabu na fizikia, na niwaambie upande wa pili maana na sisi wenye ajira mnatuchora vibaya. Makato ya mkopo wa chuo asilimia 15 ya mshahara kabla hujagusa chochote, mkopo wa kujengea, wadogo zangu watatu wananitegemea, alafu grupuni nikitoa elfu tano naambiwa "mwajiriwa wa serikali jamani?" Kwahiyo na mimi nimenyamaza. Ticha unaona? Asiyenacho kanyamaza na mwenye mshahara kanyamaza, anayeongea ni yule mwenye gari.

Kuhusu tarehe. Mwezi wa 12 futeni, nauli za krismasi zinapanda, mvua zimeanza watu wako shamba, na walimu wengi wanaitwa kusahihisha mitihani ya taifa. Mwezi wa 6 shule zinafungwa na mahindi ndo yanavunwa, mtu ana angalau debe la kuuza apate nauli. Baridi ndo shida, na Makambako upepo wake hauna adabu, ila kwa mtu wa Makete hiyo ni hali ya hewa ya ufukweni.

Tunduma Kwetu

Mimi naungana na Makambako ila msisahau watu wa treni, TAZARA inapita palepale japo ratiba yake muombe Mungu. Niko mpakani huku nafanya uwakala wa forodha, nilisomea ualimu pia, historia, sijawahi kushika chaki. Madereva wa Zambia wakikaa foleni siku nzima nawapa historia ya Kaunda na Nyerere na Wachina walivyotandika reli mpaka Kapiri Mposhi, wanasema mwalimu endelea. Kwahiyo ualimu upo tu unatoka kwa mlango mwingine.

Swali, watoto wanaruhusiwa? Mke wangu hawezi kuniachia jumamosi nzima bila mtoto, na hilo ni sharti.

Ticha wa Uyole

Wakuu nimesoma zote, nyingine nimerudia. Ndaga fijo.

Parachichi nimempigia. Hakupokea mara ya kwanza, nikatuma meseji moja tu, nimeandika "lile koili alilichukua nani?" Baada ya dakika tano simu ikaita, anacheka mpaka hasikiki, anasema analo, yuko nalo mpaka leo anachemshia maji ya kuoga mtoto. Tumeongea mpaka vocha yangu ikaisha akanipigia yeye. Mkutano nimemgusia mwishoni kabisa, hakusema ndio, ameuliza tu nani mwingine anajua. Nimemwambia hakuna.

Kwahiyo ninavyofikiria, tunaanza wachache, hakuna ukumbi, hakuna fulana za sare (kuna mtu atazitaja tu, namjua). Jumamosi moja mwezi wa 6 Makambako, tutafute mama ntilie mwenye banda la kuzuia upepo, kila mtu anajinunulia sahani yake. Watoto waje. Mhazini nakuomba sana usifungue daftari.

Mhazini wa Kudumu

Daftari silifungui. Ila nauli ya yule wa Mwanjelwa na mwingine yeyote aliyekwama mniletee inbox kimyakimya, kuna salio la harusi iliyoahirishwa nimelikalia, na mwenye harusi mwenyewe kasema tufanyie la maana.

Binti Ipogolo

Haya mambo ndo nilikua nasema mimi sasa. Umeona kaka Mhazini ulivyo mtu mzuri ukiwa huna orodha?

Mzee wa Roli

Makambako niliisema mimi wa kwanza, msijisahau.

Baridi ya Makete

Mzee wa Roli tunakuandikia cheti. Jamani kuna anayejua basi la kwanza la kutoka Makete linaunganisha Njombe saa ngapi siku hizi? Mara ya mwisho nilifika Njombe nikakuta Kosta ya Makambako imejaa nikakaa stendi mpaka jua linachomoza vizuri, na safari hii nakuja na mtoto.

Parachichi Tu

Ukifika Njombe nistue, kuna wateja napeleka miche upande huo mwezi wa 6, nitakua na pikapu. Mbele kuna nafasi ya mtu na mtoto, nyuma ni parachichi tu.