Kesho saa kumi Mkwakwani

Kikundi: Nyumba ya Makorora

Mjomba Rashidi: Assalam alaykum watu wa nyumba. Kesho Coastal Union, timu yetu ya Tanga, wapo nyumbani uwanja wa Mkwakwani saa kumi jioni. Wangapi twende nijue tiketi

Zuwena: Waalaykum salaam mjomba shkamoo. Kesho Liverpool ❤️❤️

Mjomba Rashidi: Marahaba mwanangu. Si saa mbili na nusu usiku hao? Mkwakwani kabla ya magharibi mpira umeisha, unarudi unaoga unaswali ndo unaenda zako bandani kuangalia Liverpool kwenye TV. Sasa kinachogongana hapo nini

Zuwena: Mechi za kawaida watu wachache mjomba hainogi

Mjomba Rashidi: Wachache kwa sababu na wewe hupo!! Hii ndo inaniuma. Mwaka 1988 tumechukua ubingwa wa Bara mji huu haukulala, leo mtoto wa Makorora anamjua kipa wa akiba wa Liverpool ila ukimuuliza kipa wa Coastal anakukodolea macho

Bakari: Shkamoo mjomba, naomba na mi niseme maana hili neno linarudi kila wiki. Liverpool nimeitoa wapi? Si wewe ulonibeba mwaka 2005 usiku wa ile fainali ya Ulaya kule Istanbul, Milan wanaongoza tatu bila mapumziko watu wakaanza kutoka bandani, ukanambia tulia mpira haujaisha, mara Gerrard mara Smicer mara Alonso dakika sita tu zote zimerudi na tukabeba kwa matuta. Nilikuwa darasa la tatu mjomba. Mtu akiona vile na umri ule haitoki tena

Mjomba Rashidi: Nakumbuka. Ulilala begani njia nzima

Bakari: Na 2022 fainali ya kombe la shirikisho Arusha nilikuwepo mwenyewe, nimepanda basi hapa Segera Korogwe Same Moshi mpaka Sheikh Amri Abeid. Sopu mchezaji wetu kafunga peke yake zote tatu, tatu tatu na Yanga, tukaenda matuta tukatolewa. Matokeo yaleyale ya Istanbul ila hapa mi sikuweza kula mpaka kesho yake, na Liverpool wakifungwa nanuna usiku mmoja basi. Halafu Sopu mwenyewe Azam wakamchukua. Kwa hiyo mjomba moyo wangu unajua nyumbani wapi, usiniambie nimehama

Shangazi Mwanahamisi: Bakari kasema kweli. Mi nauza mihogo pale getini miaka yote, nawaona wanaoingia. Liverpool haiji Mkwakwani kutufunga. Kinachoniuma ni siku ya Simba au Yanga, uwanja unajaa pomoni, unafurahi, ukitazama jezi nusu ya watoto wa Tanga hii hii wanamshangilia mgeni anatufunga kwetu. Hao wewe huwagombezi, unakuja kumgombeza Zuwena na Liverpool yake

Mjomba Rashidi: 😔 Da Mwanahamisi hapo umenigusa

Shangazi Mwanahamisi: Wewe mwenyewe Samatta alivyoenda Aston Villa 2020 ulikuwa hukosi mechi hata moja

Mjomba Rashidi: Yule mtoto wetu, Mtanzania wa kwanza ligi ile, ningeachaje. Lakini sikilizeni nielewe vizuri. Sikatazi mtu kupenda timu ya Ulaya. Nasema Liverpool wewe usipowatazama kesho hawapungukiwi kitu, uwanja wao umejaa na hela wanazo. Coastal wanategemea hela za mlangoni. Mchezaji anatoka pale anapita Ngamiani kwa miguu unamwona, anakujua, ukimwita anageuka. Tunajiita Wagosi wa Kaya, wanaume wa nyumbani, sasa nyumbani wakose watu?

Zuwena: Mjomba sikujua inakuuma hivi

Mjomba Rashidi: Inaniuma mwanangu

Zuwena: Basi nakuja. Ila saa mbili na nusu uniruhusu bandani na Bakari

Mjomba Rashidi: Nawapeleka mwenyewe na nauli yangu

Bakari: Nihesabu na mimi. Saa nane nitakuwa kwa shangazi nimsaidie kubeba ndoo za mihogo

Shangazi Mwanahamisi: Saa saba na nusu baba, getini nafasi zinawahiwa

Zuwena: Mjomba ila jezi ya Coastal sina

Mjomba Rashidi: Nakuletea ile yangu ya zamani. Itakupwaya, utakunja mikono