Tupeane uzoefu: wakili wa "nilipe tukishinda" alikukata kiasi gani?

Mkono wa Kushoto: Wakuu, leo nikipanga makaratasi nimekuta mkataba niliousaini wodini. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye hogo, nikasaini kwa kushoto. Ile saini ukiiona ni kama ya mtoto wa chekechea. Wakili aliniambia, "Hutoi kitu mpaka tushinde, nami nachukua theluthi." Nililia kwa furaha.

Tuseme fidia ilitoka 90. Kwanza akakata theluthi yake, 30. Kisha zikatoka 12 za ripoti za daktari, ada za mahakama na mashahidi. Nikabaki na 48. Gharama zingetolewa kwanza, theluthi ingekuwa ya 78, yaani 26, nami ningepata 52. Mkataba uliandika "ya fidia yote". Na deni la hospitali likalipwa humo humo kwenye changu.

Dereva Mstaafu: Pole mkuu. Yangu ni hayo hayo.

Bi Nyonga: Afadhali wewe ulielezwa. Wangu alielewana na kampuni ya bima kimyakimya, akanipigia nisaini. Nilisaini. Wiki ya tatu daktari akasema nyonga irudiwe upasuaji. Ukishasaini suluhu, madai yamefungwa. Nilikaa nje ya ofisi yake na magongo yangu tangu asubuhi, hakutoka.

Dereva Mstaafu: Dada, umeniumiza roho.

Kisiki: Wezi wote hao!

Karani: Si wote. Kesi ikishindwa, wakili huyo amepoteza miaka ya kazi.

Kisiki: Unawatetea kwa kuwa unakula nao.

Karani: Nawatetea kwa kuwa baba yangu alilipwa fidia wakati nyumbani hatuna hata nauli ya kwenda mahakamani. Ila ulizeni mapema: tukishindwa, gharama za upande wa pili analipa nani?

Msomaji: Marekani theluthi ndiyo kawaida, ikifika kusikilizwa mara nyingi hupanda hadi 40%. Uingereza tangu 2013 nyongeza ya ushindi (ada ya ziada ya wakili akishinda) kwenye kesi za majeraha haizidi 25% ya fidia, na ya matibabu ya baadaye haiguswi. Kenya sheria ya mawakili haitambui kabisa mkataba wa kulipwa ukishinda tu.

Kisiki: Bi Nyonga, mfukuze, tafuta mwingine.

Karani: Taratibu. Ukimfukuza katikati ya kesi anaweza kudai ujira wa kazi aliyokwisha kufanya. Na yake imeshafungwa. Dada, ile karatasi ya suluhu unayo? Wakili mwingine aisome, aone kama uliridhia kwa kuelezwa.

Bi Nyonga: Ninayo. Kesho naitoa kivuli.