Kriketi Kibokoni (Familia Tu)

IJUMAA

Fuad, 10:02
Assalamu alaikum jamaa. Nakumbusha tena. Kesho Testi, ile kriketi ya siku tano, siku ya tatu, mpira wa kwanza saa saba mchana. Kwangu. King'amuzi 1,500, viazi karai na chai 1,200. Mpaka sasa ametuma Zulekha peke yake.

Fuad, 10:03
Na tujue mapema: sauti ya tivii nazima.

Rashidi, 10:41
Sauti imekukosea nini tena 😂

Fuad, 10:42
Wale watangazaji wa Kiingereza. Timu yao ikicheza ovyo ni ushujaa, mwengine akicheza vile vile hana subira. Mwasahau Lord's 2023, Uingereza na Australia?

Zulekha, 10:44
Loh. Bairstow.

Fuad, 10:47
Ndio, Bairstow, mpigaji wao! Kauacha mpira upite, katoka kwenye mstari kama mtu aenda Marikiti. Carey, mdakaji wa Australia, kaudaka, kautupa hapo hapo, wiketi chini. Mwamuzi Erasmus katazama video, auti, atoke. Sheria haina kona hapo. Lakini wiki nzima twahubiriwa roho ya mchezo. Australia walishinda kwa mikimbio 43, na Stokes wa Uingereza alipiga 155, lakini hayo nani akumbuka?

Zulekha, 10:50
Morgan alikuwa nahodha wa Uingereza na alipotangaza hewani hakumtetea Bairstow. Usiwatie wote chungu kimoja.

Fuad, 10:50
Morgan mmoja.

Rashidi, 10:52
Swali muhimu. Hivyo viazi ni mafuta mapya au yale ya juzi?

Fuad, 10:53
Rashidi tuma pesa kwanza.

Zulekha, 11:15
Na Headingley 2019 je, Uingereza na Australia tena, Stokes asipewe auti? Mwamuzi Joel Wilson, mtu wa Trinidad. Hakuwa Mwingereza wala Muaustralia. Upendeleo uko wapi?

Mjomba Swaleh, 11:31
Zulekha yuko sawa. Yamebaki mikimbio 2 Uingereza washinde, Lyon wa Australia kampiga Stokes mguuni kwa mpira, Wilson kakataa auti. Video ikaonyesha ule mpira ulikuwa waenda kwenye wiketi, yaani auti. Lakini rivyu, ile nafasi ya kuomba video, Australia walishaitupa ova ya nyuma yake kwa Leach, mwenzake Stokes, mpira umedunda nje ya mguu, si auti, kila mtu auona. Na mpira mmoja kabla, Lyon mwenyewe kadondosha mpira Leach yuko katikati ya njia, angemtoa. Sasa mwamuzi atwikwe yote hayo?

Rashidi, 11:34
Leach nampenda yule. Mipira 17, mkimbio 1, na kila saa avua miwani aifute kama mwalimu wa chuoni 😂😂😂

Fuad, 11:35
Huo ndio upigaji wa Testi. Stokes naye jioni ya siku ya tatu alilala na 2 kwa mipira 50. Kamaliza na 135. Siku hizi kila mtoto ataka kupiga kinyumenyume kama Root na hata kuzuia hajui.

Mjomba Swaleh, 11:38
Kazi ya mwamuzi si rahisi. Mwamuzi Bucknor Sydney 2008, Symonds wa Australia kaugusa mpira akiwa na 30, ukadakwa, Bucknor hakusikia. Symonds kafika 162. Ni sikio tu.

Rashidi, 11:40
Mjomba, kwa heshima zote. Wewe si wa kuwatetea waamuzi.

Zulekha, 11:40
Haya, yaanza.

Rashidi, 11:42
Makadara, Idi pili, 2014. Mwamuzi wewe. Nina mikimbio 46. Mpira wapita kule nje, kidole juu, auti. Sikio hilo pia?

Mjomba Swaleh
Ujumbe huu umefutwa

Fuad, 11:58
Jamaa tusitoke nje ya mada. PESA. Watu 19 mmesoma, nawaona.

Fuad, 13:20
???

Babu, 14:36
Rashidi.

Rashidi, 14:36
Naam Babu. Shikamoo.

Babu, 14:44
Marahaba. Siku ile hukuwa auti. Swaleh alinitazama mimi nikiwa kwenye skoa, nami nikamwashiria anyoshe kidole. Magharibi yaingia na ule mpira tuliazimwa, mwenyewe amesimama pale mlangoni aungoja. Swaleh kaibeba kwa sababu nilimwambia asiseme.

Rashidi, 15:30
Sawa Babu.

Zulekha, 15:31
Mjomba uko?

Fuad, 16:05
Basi. Tumesikia. Yamebaki 2,300 tufike. Nani na nani kesho? Rashidi? Mjomba?

Rashidi, 16:40
Ntaangalia. Nina gari ya mtu gereji.

Mjomba Swaleh, 17:12
Inshallah.

Fuad, 17:13
Inshallah ya kuja au inshallah ya kutokuja?

Babu, 17:50
Mimi nitakuja, mtu anifuate baada ya adhuhuri. Na Fuad, hiyo sauti usizime. Siku hizi mpira siuoni, nausikia.

Fuad, 17:58
Haya Babu. Lakini chini chini.

Zulekha, 17:58
😂

Fuad, 18:20
Nani amfuata Babu?

Bi Amina, 21:07
Mafuta ni mapya Rashidi. Nimenunua leo kwa pesa yangu.